Sauti Nyuma ya Bega

Katika chumba cha kukodi pale Kiganjo, kitanda kilikuwa cha ndege ya mbao. Ndanu mwenyewe alilala chini, kwenye godoro jembamba, kwa sababu bawa la mbao nyepesi likiegemezwa ukutani hujipinda, na bawa lililopinda halipandi wima. Wanawake aliofanya nao kazi ya kushona katika Eneo la Viwanda walimcheka sana kwa jambo hilo.

"Wenzako wanalaza waume kitandani, wewe unalaza mbao," Mwongeli alimwambia siku moja.

"Mbao haikoromi," Ndanu alimjibu.

Aliijenga ndege hiyo jioni baada ya kazi, miezi mingi mfululizo. Mbao, gundi, msasa, kisha plastiki nyembamba ya rangi nyekundu na nyeupe inayobandikwa kwa pasi ya moto. Vidole vyake vilikuwa na alama za pasi hiyo. Ndege iliendeshwa kwa remoti kutoka chini, na kazi yake ilikuwa kuchora angani: duara, nane, mraba, mbele ya majaji wenye macho makali ambao hukata alama kwa kila mstari uliopinda.

Gachanja alimfahamu kwa sababu ya jua. Alikuwa na duka la miwani mjini Ruiru, na Ndanu aliingia akasema, "Nataka miwani ya kutazama juu."

"Juu wapi? Mbinguni?"

"Karibu na hapo."

Mfanyabiashara mwingine angecheka akamuuzia ya kwanza iliyokuwa karibu. Gachanja alicheka pia, lakini akabeba sanduku zima la miwani hadi nje barazani, akamjaribisha moja moja akiwa ametazama anga. Kila alipobadilisha, alimkingia jua kwa kiganja chake ili macho yake yapumzike. Ndanu alitoka pale na miwani, na moyo wake ukabaki umesimama barazani.

Baadaye Gachanja akawa mwitaji wake. Rubani wa ndege hizi haruhusiwi kubandua macho kwenye ndege hata kidogo, kwa hiyo mtu mwingine husimama nyuma ya bega lake, karibu kabisa, na kumwambia umbo linalofuata. Humwambia pia upepo umegeuka upande gani. Ndanu alikuwa hawezi kumtazama Gachanja wakati huo. Alikuwa na sauti yake tu sikioni, na pumzi yake shingoni, na hayo yalimtosha kabisa.

Walikubaliana maumbo yaitwe kwa Kiswahili. Kikamba kilikuwa cha kwao Ndanu, kule Ngoliba. Kikuyu kilikuwa cha kwao Gachanja. Kiswahili kilikuwa cha wote wawili.

Jumamosi hiyo mashindano yalifanyika kwenye kiwanja cha nyasi nje ya Ruiru, kando ya shamba la kahawa. Marubani wawili bora wangekwenda kushindana Afrika Kusini. Ndanu alikuwa akifunga skrubu za mabawa wakati simu ya Gachanja ilipolia tena. Gachanja aliitazama, akaizima, akairudisha mfukoni.

"Ni Maitu?" Ndanu aliuliza. Alikuwa amezoea kumwita mama yake Gachanja hivyo, kama mwanawe alivyomwita.

"Ni yeye."

"Anataka nini?"

"Leo ni ruracio, wanapokea mahari ya binti wa mama mdogo, kule Juja. Wanataka nikae kwenye kiti cha marehemu baba."

Ndanu aliweka bisibisi chini. "Na hukuniambia?"

"Ningekuambia ungenifukuza."

"Ningekufukuza, ndiyo! Gachanja, hicho si kiti cha kuachwa wazi. Nenda. Nitamwomba Ouma anitafutie mwitaji mwingine."

"Mwitaji mwingine atakuambia nini? Umbo la leo limetolewa jana jioni. Hujaliruka hata mara moja."

"Nitajua la kufanya."

"Mimi nimelala nikilisoma." Alitoa kadi yenye michoro midogo, imejaa mishale. "Nimemwambia Maitu nitafika tukimaliza. Ruracio haianzi mpaka wazee wanywe uji, wabishane, wanywe tena uji. Nitawakuta."

"Amesema nini?"

"Amesema ndege ya karatasi imenipanda kichwani."

"Mwambie ni ya mbao."

Walicheka, lakini kicheko cha Ndanu kilikatika mapema. Alikuwa amekwenda nyumbani kwa Mama Gachanja mara moja tu, na mara hiyo ilimtosha. Mama alimkaribisha kwa Kiswahili, akamwekea chai, kisha akamgeukia mwanawe na kuzungumza naye kwa Kikuyu mpaka chai ikaisha. Ndanu alikaa akitabasamu, akatazama picha za ukutani, akashukuru, akaondoka. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwalika tena.

"Ndanu, njoo kwenye laini ya kurushia!" Ouma aliita. Ouma alikuwa msimamizi wa mashindano, mwanamume mnene mwenye kofia ya majani na sauti ya kwaya.

Gachanja alibeba ndege akaiweka kwenye nyasi zilizokatwa. Akarudi, akasimama nyuma ya bega la kushoto la Ndanu.

"Uko sawa?"

"Niko sawa. Usinipigie kelele."

"Lini nimekupigia kelele?"

"Sasa hivi."

Propela ikazunguka. Ndege ilikimbia kidogo tu kwenye nyasi, ikainua pua, ikapanda. Ndanu akasahau ruracio na Maitu, akasahau hata kiwanda. Ikawa ni rangi nyekundu na nyeupe kwenye anga, na sauti ile.

"Mzunguko mkubwa, anza chini," Gachanja alisema taratibu. "Sasa. Vizuri. Ubavu, bawa moja juu, shikilia hivyo hivyo. Toka. Nane iliyolala."

Nyuma yao gari lilisimama. Mlango ukafungwa kwa nguvu.

"Mama, tafadhali, hapo ni laini ya usalama," sauti ya Ouma ilisikika.

"Laini ni yako. Mimi nimekuja kuchukua mtoto wangu."

"Mtoto wako ana ndevu, Mama."

"Hata angekuwa na mvi! Philip, usizime gari, hatuchelewi hapa."

Ndanu alihisi pumzi ya Gachanja ikisimama shingoni mwake. Hakuweza kugeuka. Ndege ilikuwa kichwa chini, mbali, na kidole kikitetemeka kidogo tu ingezama kwenye miti ya kahawa.

"Nane imeisha," Gachanja akasema, sauti ikiwa chini zaidi. "Mraba. Kona ya kwanza, sasa."

"Gachanja! Uka haha!" Mama yake alimwita aje hapo alipo. "Wazee wameketi. Kiti cha baba yako kiko wazi kama kiti cha mtu aliyekufa bila mtoto, na wewe umesimama nyuma ya mwanamke ukimnong'oneza!"

"Kona ya pili."

"Unanisikia?"

"Kona ya tatu. Nakusikia, Maitu. Kona ya nne. Toka."

Basi Mama Gachanja akaacha Kiswahili. Akaja karibu kadiri Ouma alivyomruhusu, akaanza kumwaga Kikuyu, haraka haraka, kama mzazi anavyomsema mtoto mbele ya wageni. Alitaja baba yake. Alitaja ng'ombe waliouzwa ili asome. Alilia kidogo pia. Gachanja hakuondoka. Jasho lilimtiririka, na Ndanu akalisikia tone moja likianguka kwenye bega la blauzi yake.

"Panda wima," alisema. "Mpaka juu kabisa."

Hili ndilo lilikuwa umbo gumu la siku hiyo. Ndege hupanda moja kwa moja mpaka nguvu inakwisha, inasimama angani bila kwenda mbele wala nyuma, kisha rubani huiangusha ubavu, kushoto au kulia, ishuke njia ile ile. Upande huamuliwa na upepo, na upepo anauona mwitaji, kwenye utepe uliofungwa kwenye mlingoti. Rubani akikosea upande, ndege hupeperushwa nje ya mstari na kila kitu huharibika.

Ndege ilipanda. Ikapunguza mwendo. Ikasimama.

Utepe ukageuka ghafla.

"Umotho!" Gachanja alipaza sauti.

Ndanu akasukuma kijiti upande wa kushoto. Ndege ikalala kushoto kwa upole, ikatazama chini, ikashuka kwenye njia ile ile iliyopandia, imenyooka kama uzi. Mmoja wa majaji alisema "Eh!" na mwenzake akamnyamazisha.

Mama Gachanja naye alikatisha neno katikati, akamtazama Ndanu.

Umbo la mwisho lilipita, ndege ikatua na kubingirika mpaka ikasimama. Ndanu akavuta pumzi ndefu, akazima, akageuka kwa mara ya kwanza. Gachanja alikuwa ameshika mdomo.

"Nimesema kwa Kikuyu," alisema. "Ndanu, nimekuita kwa Kikuyu. Maitu alikuwa ananiongelesha, ulimi ukaponyoka. Umejuaje ni kushoto? Umebahatisha?"

"Sibahatishi na ndege yangu."

"Basi umejuaje?"

Ndanu alimtazama mama yake Gachanja. Mama Gachanja alikuwa amevaa gauni zuri la kitenge na kilemba cha shughuli, na macho yake yalikuwa mekundu. Na uso wa mwanamke yule mwenye maneno mengi ulikuwa unabadilika polepole, kwa maana alikuwa ameanza kukumbuka.

"Wewe unasikia Kikuyu," Mama alisema.

"Nasikia, Mama. Kiwandani nimeshona miaka yangu yote katikati ya Beth na mwenzake wa Gatundu. Wakisengenya kwa Kikuyu, mimi ndiye nimekaa katikati."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla sijamjua Gachanja."

"Ngai!" Mama alijishika kifua. "Basi siku ile ya chai..."

"Nilisikia yote."

Upepo ulipita kwenye miti ya kahawa. Philip, binamu yake Gachanja, aliyekuwa ameteremka kusaidia, alirudi garini na kufunga mlango bila kelele hata kidogo.

"Ulisema nina mikono ya fundi, siyo ya mke," Ndanu aliendelea. Hakupandisha sauti, ila hakuishusha pia. "Ulisema nitajaza nyumba ya marehemu na gundi. Ulisema sisi Wakamba tunajua dawa, na kwamba mwanao ametiliwa kitu kwenye chai. Nikajiuliza, ametiliwa wapi? Chai tulikunywa kwako. Ni wewe uliyepika. Kama kuna aliyetiliwa kitu siku ile, ni mimi."

Ouma alikohoa ndani ya kofia yake, na kila mtu alijua si kikohozi.

"Kwa nini hukusema?" Mama aliuliza. "Kwa nini ulikaa unatabasamu tu kama mtu asiyesikia?"

"Kwa sababu ya kikombe."

"Kikombe gani?"

"Ulinipa chai kwenye kikombe cha bati. Nilikuwa nimeungua na pasi, hapa kidoleni, nikawa nakishika na kukiachia. Wewe ulikuwa unanisema, hukunyamaza hata kidogo, lakini ukasimama, ukachukua kikombe kile, ukamimina chai kwenye kingine chenye mkono, ukanirudishia. Hukukatiza hata neno. Nikasema moyoni, huyu mama ananichukia kwa mdomo, mkono wake haujapata habari."

Mama Gachanja alitazama mikono yake mwenyewe, kama vile imemsaliti.

"Na kitu kingine nilisikia," Ndanu alisema, na sasa alimgeukia Gachanja, na sauti ikalegea kidogo. "Nilisikia ulivyomjibu."

Gachanja alikuwa na ndevu na duka na watu waliomwita bosi, lakini masikio yake yalikuwa mekundu kama ya kijana wa shule. "Ulisikia?"

"Ulimwambia umechoka kutafutiwa mwanamke wa kukufaa. Ulimwambia huyu ndiye unayemtaka, hata kama yeye mwenyewe atakukataa. Ulisema ukidhani mimi natazama picha za ukutani."

"Ndanu..."

"Nilirudi Kiganjo nikitembea, nikasahau kupanda gari. Mwanamume anaweza kuniambia maneno mazuri mbele yangu, hayo nimeshasikia. Wewe uliyasema kwa lugha uliyodhani siijui."

Walitazamana, na ni vizuri kusema ukweli kwamba walitazamana kwa muda mrefu, mbele ya mama mzazi, majaji na kofia ya majani. Miezi yote ile alikuwa na sauti tu nyuma ya bega. Sasa alikuwa na uso wake wote, na hakuona haraka ya kuuacha.

Mama Gachanja ndiye aliyewakatiza. Alipangusa macho kwa ncha ya kilemba, akakaa kwenye kiti cha plastiki ambacho Ouma, bila kuombwa, alikuwa amemsogezea.

"Haya," alisema. "Nimeaibika, na nimeaibika kwa Kikuyu na kwa Kiswahili. Sikiliza, binti. Maneno ya Wakamba nayarudisha. Mtu anayenyamaza hivyo mbele ya matusi ana moyo. Nitakwenda Ngoliba na wazee. Nitamwona baba yako, nitapiga hodi kama inavyotakiwa."

"Maitu!" Gachanja alisema, akaruka kidogo kama mtoto.

"Sijamaliza. Nitakwenda, lakini hii kitu," alinyoosha kidole kwenye ndege, "iachwe. Uza, gawa, choma, sijali. Mke wa mwanangu hawezi kuwa kiwanjani kila Jumamosi na remoti, wanaume wakimtazama. Acha hiyo, na mwezi huu huu niko Ngoliba. Hata leo nitawaambia wazee Juja."

Hapo ndipo Ndanu alipojaribiwa kweli. Maana jambo alilolitamani lilikuwa limewekwa mbele yake, limeiva, na yeye alikuwa na jibu la neno moja tu la kulichukua. Angekuwa msichana mtulivu zaidi angelisema. Alimtazama Gachanja. Gachanja alikuwa ametazama ndege tu, na hapo Ndanu aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa akiwa na ndege kichwa chini.

"Hapana, Mama," alisema.

"Hapana nini?"

"Siachi."

"Umesikia nilichokuambia? Nimesema nitakuja na wazee!"

"Nimesikia, Mama. Nakushukuru. Nampenda mwanao, nalala na kuamka nikimpenda. Ukimwita aende sasa hivi akakae kwenye kiti cha baba yake, aende, sitamshika shati. Lakini mimi nikiacha kuruka, utakuwa umemletea mtu mwingine nyumbani. Na huyo mwingine simjui. Siwezi kumpa Gachanja mke nisiyemjua."

"Gachanja," Mama alisema, "mwambie mwenzako."

Gachanja alitembea. Kwa nukta moja Ndanu alidhani anakwenda garini. Alikwenda mpaka kwenye nyasi, akainama, akainua ndege kwa mikono miwili, akaangalia bawa la kwanza, akaangalia la pili, akapuliza vumbi kwenye propela. Akarudi nayo.

"Nilimwambia nitakaa nyuma ya bega lake," alisema. "Sikumwambia ni mpaka wewe ukasirike, Maitu. Betri inahitaji kubadilishwa. Tuna mruko mmoja zaidi. Tukimaliza, nitakuja Juja kukaa kwenye kiti cha baba, na Ndanu atakuja nami."

"Kama nani?"

"Kama mtu ambaye mtazungumza Kikuyu mbele yake mkijua anasikia."

Ouma sasa hakujaribu hata kukohoa. Alicheka waziwazi, akatoa kofia, akajipepea.

Mama Gachanja alisimama. Alikunja uso, akaukunjua, akaukunja tena. Alikuwa mwanamke aliyelea watoto peke yake tangu mumewe afariki, aliyezoea neno lake kuwa la mwisho, na leo alikuwa amepewa hapana mara mbili kabla ya chakula cha mchana. Alitazama ndege mikononi mwa mwanawe. Alitazama jinsi alivyoishika, kwa uangalifu, kama mtu aliyebeba mtoto wa mwenzake.

"Basi nitakuja Ngoliba," alisema, "lakini nitakuja nikiwa nimekasirika!"

"Njoo hivyo hivyo, Mama," Ndanu alimjibu. "Baba yangu naye amekasirika. Anasema hataki kusikia habari ya Mkikuyu wa miwani. Mtakaa pamoja, mtaelewana."

Mama aliondoka kuelekea garini kwa hatua nzito. Alipofika alisimama ameshika mlango.

"Philip," alisema kwa sauti ya kusikika hadi kwa majaji, "subiri kwanza. Zima hiyo gari. Nataka kuona kama itaanguka."

"Haianguki!" Ndanu alimjibu bila kugeuka. Alikuwa ameshavaa miwani, ametazama juu, na nyuma ya bega lake sauti ilikuwa imeanza kumwita.